Macho ya Mtoto Yanapobaki Manjano: Uvimbe wa Kuzaliwa wa Mrija wa Nyongo na Hukmu ya Kuupasua

SWALI:

Mashekhe wetu, tunaishi kijiji kilicho baina ya Kilosa na Mikumi. Tuna binti wa miaka minne. Tangu mwaka jana macho yake huwa manjano, kisha husafika, kisha hurudi. Hulalamika tumbo upande wa kulia. Tumemtibu malaria, tumemtibu taifodi, tukaambiwa tena ni homa ya ini. Mara ya mwisho alipigwa ultrasaundi, daktari akasema mrija wa nyongo umefura tangu kuzaliwa na ni lazima apasuliwe, tena katika hospitali kubwa. Mama yangu hataki. Anasema mtoto mdogo hapasuliwi tumbo, tumpe kombe na dawa za miti mpaka akue. Je, dini inasemaje? Tukisubiri tuna makosa? Na tukikubali kisha akafa, tutakuwa tumemuua sisi?

JIBU:

Himdi zote Anastahiki Allaah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad:

Swali hili hatukuletewa kwa barua. Tulikuwa Kilosa mjini kwa darsa za siku tatu, kisha tukaenda Mikumi. Baada ya Swalah ya ‘Ishaa baba huyo alikaa pembeni ya msikiti mpaka watu wakatawanyika. Mkononi alikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto na picha ya ultrasaundi iliyokunjwa mara nne. Mama yake mzazi alikuwa barazani, amempakata mjukuu. Tulimjibu usiku ule kwa ufupi. Tunaliandika jibu hapa kwa urefu kwa sababu kabla hatujaondoka walitujia wazazi wengine wawili, nao wana watoto ambao macho yao ni manjano na hawajui waanzie wapi.

Sisi si madaktari. Yaliyo ya tiba humu tumeyachukua kwa wenye fani yao, wala hayashiki nafasi ya daktari anayemuona mtoto kwa macho yake. Lakini wanazuoni wetu wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Hatuwezi kusema upasuaji huu ni halali, ni wajibu au si wajibu, kabla hatujajua ni ugonjwa gani na hupasuliwa nini. Kwa hiyo tutaanza na maradhi yenyewe, kisha tutakuja kwenye hukmu.

NYONGO NA NJIA YAKE

Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana. Kwa mtu mzima hufika baina ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo hushuka kwenye vijirija vidogo vilivyomo ndani ya ini, vikaungana kama vijito vinavyoingia mtoni, mpaka ukawa mrija mmoja mkubwa unaotoka chini ya ini. Ubavuni mwake kuna kifuko cha nyongo, ambacho ni ghala tu ya kuiweka akiba. Mrija huo humalizikia kwenye utumbo mwembamba, karibu kabisa na tumbo la chakula, na hapo ndipo nyongo husaidia kusaga mafuta. Rangi ya choo cha binadamu hutokana na nyongo hiyo.

Basi njia ikiziba, mambo mawili huonekana kwa pamoja. Choo hukosa rangi yake kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na ile rangi iliyokosa njia hurudi kwenye damu, ikaonekana kwenye weupe wa macho, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Mwenye kulifahamu hili amefahamu nusu ya makala hii.

UVIMBE HUU NI NINI?

Kuna watoto huzaliwa na mrija ambao sehemu yake imetanuka kama puto. Nyongo hutuama ndani yake badala ya kupita. Si jipu, wala si uvimbe wa nyama, bali ni mrija wenyewe uliopoteza umbo. Tabibu wa Kijerumani Abraham Vater aliutaja tangu mwaka 1723, kwa hiyo si maradhi ya zama hizi wala si jambo lililozuliwa na mahospitali.

Chanzo chake hakijakubaliwa na wote kwa sura moja, lakini maelezo yenye nguvu zaidi ni yale yaliyotolewa na Babbitt mwaka 1969. Kwa kawaida mrija wa nyongo na mrija wa kongosho hukutana mwishoni kabisa, ndani ya ukuta wa utumbo. Kwa wengi wa watoto hawa hukutana mapema mno, wakawa na njia moja ndefu ya pamoja. Maji makali ya kongosho, ambayo Allaah Ameyaweka kwa ajili ya kusaga chakula, hupanda juu kwenye mrija wa nyongo na kuula ukuta wake taratibu, ukalegea na kutanuka.

Mwaka 1977 daktari wa Kijapani Todani na wenzake waliupanga uvimbe huu katika aina tano, na mpango huo ndio unaotumika mpaka leo. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi kuliko zote, ni kutanuka kwa mrija mkubwa ulio nje ya ini. Ya pili ni kifuko kilichochomoza ubavuni mwa mrija. Ya tatu ni kutanuka kwa ncha ya mrija ndani ya ukuta wa utumbo. Ya nne ni kutanuka mahali zaidi ya pamoja, mara nyingi ndani na nje ya ini. Ya tano ni ndani ya ini peke yake, na huitwa maradhi ya Caroli kwa jina la tabibu wa Kifaransa aliyeyaeleza. Tumezitaja kwa sababu mzazi ataona nambari hiyo kwenye karatasi ya daktari, na tiba hutofautiana kwa aina.

Maradhi haya ni nadra. Japani hutajwa mtu mmoja katika kila watu 1,000, na katika nchi za Magharibi mmoja katika kila 100,000 hadi 150,000. Wasichana hupata zaidi, watatu au wanne kwa kila mvulana mmoja. Hayaambukizi. Hayatokani na alichokula mama wakati wa mimba, wala na jicho la jirani, wala si aibu ya ukoo. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu pale Mikumi mama wa mtoto alikuwa ameshaanza kunyooshewa kidole.

DALILI, NA KWA NINI HUKOSEWA

Vitabu vya tiba hutaja dalili tatu: manjano ya macho, maumivu ya tumbo upande wa juu kulia, na uvimbe unaopapasika hapo hapo. Lakini watoto wanaokuwa nazo zote tatu kwa wakati mmoja ni wachache. Wengi huwa na moja au mbili, tena huja na kuondoka. Na kule kuja na kuondoka ndiko kunakowadanganya wazazi. Macho yakisafika, watu humshukuru aliyetoa dawa ya mwisho, iwe ni kidonge au mzizi. Kumbe ni njia ya nyongo iliyofunguka kidogo kwa muda, na uvimbe uko pale pale.

Sababu ya pili ya kukosewa ni kwamba manjano yana milango mingi katika nchi yetu. Malaria kali huleta manjano. Selimundu huleta manjano. Homa ya ini inayotokana na virusi huleta manjano. Kwa hiyo tabibu wa zahanati anayeanza na malaria hakufanya kosa, na hatupendi mtu atoke hapa akaenda kumgombeza. Kosa ni kurudia dawa ile ile mara ya tatu na ya nne bila ya kuuliza: kwa nini manjano yanarudi?

Kwa kichanga kuna kipimo ambacho kila mama anaweza kukifanya bila ya senti moja. Watoto wengi huwa na manjano siku za mwanzo, na kwa wengi huisha yenyewe. Yakipita wiki mbili, mtoto apelekwe hospitali akapimwe damu. Na kila siku mama aangalie choo kwenye nepi, kwenye mwangaza wa jua. Choo cha njano iliyokolea, cha kijani au cha kahawia hakina tatizo. Choo cheupe, cha kijivu au cha rangi ya udongo mkavu ni dalili ya hatari, hata kama mtoto ananyonya vizuri na kunenepa. Taiwan tangu mwaka 2004 wanawapa akina mama wa nchi nzima kadi yenye picha za rangi za choo ili walinganishe wenyewe nyumbani.

Uharaka huo una sababu nyingine. Kuna maradhi yanayofanana na haya, ambayo mrija haukutanuka bali umeziba na kukauka kabisa. Upasuaji wake, uliobuniwa na daktari Morio Kasai wa Japani, hufaa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Mama aliyeambiwa “subiri mpaka afike arubaini, kisha tutaona” huenda anapoteza wakati ambao haurudi.

Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, manjano hayaonekani vizuri mwilini. Angalieni weupe wa macho mchana, nje ya nyumba, si kwa mwanga wa taa.

VIPIMO

Cha kwanza ni damu. Maabara huangalia bilirubini, yaani ile rangi ya manjano, na hutenganisha iliyopita kwenye ini na ambayo haijapita. Ikiwa iliyopita ndiyo nyingi, shaka huelekea kwenye njia ya nyongo. Hupimwa pia kazi ya ini na jinsi damu inavyoganda.

Cha pili ni ultrasaundi. Kipimo hiki hakiumi, hakina mionzi, na mtoto hukaa kwenye mapaja ya mama yake. Huonyesha mrija uliotanuka na vijiwe kama vimo. Wakati mwingine huonekana tangu mtoto yumo tumboni mwa mama. Mpimaji atahitaji kutofautisha uvimbe huu na vifuko vingine vya maji. Katika jamii za wafugaji wanaoishi na mbwa, na ndugu zetu Wamasai wapo wengi pande za Kilosa, kuna uvimbe wa maji kwenye ini unaoletwa na minyoo ya mbwa. Tiba ya huo ni nyingine kabisa. Basi mzazi aseme kama nyumbani kuna mbwa na mifugo, hata asipoulizwa.

Cha tatu ni picha ya MRI ya njia za nyongo, inayopigwa katika hospitali kubwa. Hii humpa mpasuaji ramani kamili: uvimbe umeanzia wapi, umeishia wapi, na mrija wa kongosho unaungana nao mahali gani. Mtoto mdogo huweza kupewa dawa ya kumlaza ili atulie. Mahali ambapo MRI haipo, madaktari hutumia picha ya CT, au hupiga picha ya mirija kwa dawa maalumu wakati wa upasuaji wenyewe.

UPASUAJI HUFANYA NINI

Zamani madaktari walikuwa wakiutoboa uvimbe na kuuunganisha na utumbo ili nyongo ipite, na ngozi ya uvimbe wakaiacha ndani. Ilikuwa operesheni nyepesi na ya haraka. Baada ya miaka wagonjwa walirudi na homa, vijiwe, na wengine saratani ndani ya ile ngozi iliyobaki. Njia hiyo imeachwa.

Leo, kwa aina zilizo nje ya ini, uvimbe hutolewa wote. Mtoto hupewa nusukaputi, hajui wala hasikii. Mpasuaji hufungua chini ya mbavu upande wa kulia, akatoa kifuko cha nyongo pamoja na mrija uliotanuka, kuanzia karibu na kongosho mpaka juu penye mrija mzima. Kisha huchukua kipande cha utumbo mwembamba, akakipandisha na kukishona kwenye mrija wa ini, na utumbo uliobaki akauunga chini yake kwa umbo la herufi Y. Mbinu hiyo ya Y hubeba jina la César Roux, mpasuaji wa Uswisi. Nyongo hushuka moja kwa moja kwenye utumbo. Watu huishi bila kifuko cha nyongo, wakala, wakasoma, wakaoa na kuzaa.

Aina ya tatu mara nyingi hutibiwa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, bila ya kufungua tumbo. Aina ya tano, iliyo ndani ya ini, ni ngumu zaidi. Huweza kukatwa sehemu ya ini, na wachache huhitaji kupandikizwa ini jingine.

Kabla ya operesheni mtoto mwenye manjano hupewa vitamini K, kwani nyongo ikikosekana kwenye utumbo damu huwa nzito kuganda. Akiwa na homa ya mirija iliyoambukizwa, hutibiwa kwanza kwa dawa za kuua bakteria. Hatari zipo, hatuzifichi: kuvuja damu, nyongo kuvuja kwenye mshono, maambukizi, na miaka baadaye mshono kuwa mwembamba. Kwa hiyo kurudi kliniki ni sehemu ya tiba. Mtoto aliyepasuliwa akipata homa, manjano au maumivu ya tumbo, hata kama ni miaka kumi baadaye, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

KWA NINI ASISUBIRI “MPAKA AKUE”

Hapa ndipo penye roho ya swali. Bibi anadhani kusubiri ni kumhurumia. Lakini nyongo iliyotuama huleta vijiwe, huambukizwa, huumiza kongosho, na mgandamizo wake hulikausha ini. Uvimbe huweza hata kupasuka. Juu ya hayo kuna saratani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1983 uliangalia umri wa wagonjwa wa uvimbe huu. Waliogunduliwa chini ya miaka 10 waliokuwa na saratani hawakufika asilimia 1. Wa miaka 11 hadi 20 walikuwa karibu asilimia 7. Waliopita miaka 20 walikuwa asilimia 14. Maana yake ni kwamba umri hauufanyi uvimbe kuwa salama. Binti huyu wa miaka minne yuko katika wakati ulio bora zaidi kwake, na kila mwaka unaopita humtoa humo.

HUKMU YAKE

Kwanza: Asili ya kujitibu. Imepokewa kutoka kwa Usaamah bin Shariyk (Radhiya Allaahu ‘anhu), katika Abu Daawuud na At-Tirmidhiy, kwamba mabedui walimuuliza Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba hakuna maradhi ila Allaah Ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kujitibu hakupingani na tawakkul, kama kula hakupingani na kuamini kwamba mwenye kuruzuku ni Allaah.

Pili: Kukatwa mwili kwa ajili ya tiba. Si jambo geni. Katika Swahiyh Muslim imepokewa kwamba Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alimpelekea Ubayy bin Ka‘b tabibu, akamkata mshipa kisha akauchoma kwa moto. ‘Urwah bin Az-Zubayr, katika wakubwa wa Taabi‘iyn, alikatwa mguu ulioharibika. Na Az-Zahraawiy wa Andalusia aliandika juu ya upasuaji na vyombo vyake miaka elfu moja iliyopita.

Tatu: Lini tiba huwa wajibu. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa katika kikao chake cha saba, Jeddah, mwaka 1992, lilipitisha kwamba tiba huwa wajibu ikiwa kuiacha kutapelekea kifo, kupotea kiungo au ulemavu, au ikiwa maradhi yanaambukiza wengine. Kwa tuliyoyaeleza, uvimbe huu ukiachwa unapeleka kwenye kuharibika ini na hatari ya uhai. Kwa hiyo, madaktari waaminifu wakithibitisha na uwezo ukapatikana, tunaona kumtibu binti huyu ni wajibu juu ya walii wake, si hiari.

Nne: Nani mwenye kauli. Baraza hilo hilo lilisema kwamba kwa asiyefikia kujiamulia, huangaliwa idhini ya walii wake. Lakini walii akikataa jambo ambalo kulikataa kwake kuna madhara ya wazi kwa mtoto, kukataa huko hakuzingatiwi, na haki huhamia kwa mawalii wengine, kisha kwa mamlaka. Bibi ana heshima yake, ana haki ya kusikilizwa na kubembelezwa. Lakini hana haki ya kumzuia baba kumtibu mwanawe. Na utiifu kwa mzazi haufiki kwenye kumdhuru mtu wa tatu.

Tano: Akifa je? Mzazi aliyemkabidhi mwanawe kwa mpasuaji mjuzi, kwa ushauri na tahadhari, hakuua. Ameshika sababu, na ajali iko mikononi mwa Allaah. Hadithi inayomwajibisha tabibu kulipa inamhusu anayetibu bila ya kujulikana kwa utabibu. Mizani hiyo hiyo iwekwe juu ya wanaochanja chale tumboni na kunywesha watoto mizizi isiyojulikana kipimo chake. Ini la mtoto mwenye manjano limeshaumia, na dawa isiyojulikana huweza kulimaliza.

Sita: Ruqyah na du‘aa. Msomeeni mtoto, mumuombee, mtoe swadaqah. Haya hayazuii hospitali, wala hospitali haiyazuii. Tunachokataza ni kuyafanya sababu ya kuchelewa. Msomaji ruqyah mwenye kumcha Allaah, akiona macho ya manjano na choo cheupe, humwambia mzazi kwanza nenda ukapime, na huku mimi ninasoma. Anayesema usiende hospitali mpaka nimalize siku arubaini, muepukeni.

Saba: Daktari asiye Muislamu. Tuliulizwa hili kwa kuwa Mikumi ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito, ya Wakatoliki. Hakuna kizuizi kutibiwa na asiye Muislamu akiwa mjuzi na mwaminifu. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) katika Hijrah alimkodi ‘Abdullaah bin Urayqitw awe mwongoza njia, hali ya kuwa hakuwa Muislamu, na wanazuoni wametoa humo dalili ya jambo kama hili. Ama damu ya kuongezewa, Baraza tulilolitaja liliruhusu mwaka 1988 kumpa mwenzio kinachojirudisha chenyewe mwilini kama damu. Baba, wajomba na vijana wa msikiti waende kuchangia.

HOFU YA BIBI

Tulitoka barazani tukakaa naye. Alituambia kwamba miaka mingi iliyopita alimpeleka mwanawe wa kiume hospitali, macho manjano, tumbo limejaa, akapasuliwa na hakurudi. Tangu siku hiyo akisikia neno kupasuliwa moyo wake hukatika.

Hofu hii si ujinga, na asidharauliwe mwenye nayo. Hatujui mtoto yule alikuwa na maradhi gani, na hatukumwambia kwamba angepona. Tulimuuliza tu: aliumwa muda gani kabla hujampeleka? Akanyamaza, kisha akasema, “Misimu miwili ya mvua.” Tukamwambia: “Mama, huyu wa leo bado anacheza. Mpelekeni angali anacheza.” Hakutujibu kwa maneno. Alimfunika mjukuu kanga miguuni, akamuuliza mwanawe safari ni lini.

NJIA NA GHARAMA

Anzeni mlipo: zahanati, kisha kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya Kilosa au Mtakatifu Kizito. Ombeni barua ya rufaa na mchukue picha na majibu yote, msiyaache nyumbani. Upasuaji huu hautakiwi kufanywa na yeyote tu. Unahitaji bingwa aliyezoea njia za nyongo, na kwa mtoto, bingwa wa upasuaji wa watoto, kama walioko Muhimbili. Daktari wa rufaa ndiye atakayewaelekeza. Kilosa ina stesheni ya treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inayokwenda Morogoro na Dar es Salaam kwa upande mmoja na Dodoma kwa mwingine. Mikumi iko juu ya barabara kuu ya Iringa. Njia ipo, alhamduliLlaah.

Mkifika kwa mpasuaji ulizeni bila ya kuona haya: Ni aina ya ngapi? Utautoa uvimbe wote au utauunganisha tu? Damu kiasi gani iandaliwe? Arudi kliniki kila baada ya muda gani? Na aliyewahi kuunganishwa zamani bila ya uvimbe kutolewa, naye aende akaangaliwe hata kama hajisikii vibaya.

Kuhusu fedha, sera ya nchi yetu ya Tanzania inawasamehe ada watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali, na binti huyu bado yumo. Asiyeweza aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa. Lakini hubaki nauli, chakula cha anayeuguza, na dawa zinazokosekana. Hapa tunawakumbusha wenye mali wa Kilosa, Mikumi na kwengineko: fukara ni wa mwanzo katika wanaostahiki Zakaah, na mwenye deni alilolichukua kwa ajili ya kumtibu mtoto naye yumo katika wenye madeni. Jambo ambalo mzazi mmoja hana uwezo nalo huwa juu ya shingo za wanaolijua na wana uwezo. Kamati ya msikiti inayokusanya kwa ajili ya zulia jipya inaweza kuliahirisha zulia.

MUHTASARI

Manjano yaliyopita wiki mbili kwa kichanga, au yanayokwenda na kurudi kwa mtoto mkubwa, yapimwe damu na ultrasaundi. Choo cheupe hakisubiri. Uvimbe wa mrija wa nyongo hauishi kwa dawa ya kunywa, hutolewa wote na bingwa, na utotoni ni bora kuliko ukubwani. Kumtibu ni wajibu juu ya walii mwenye uwezo, na kumsaidia asiye na uwezo ni wajibu juu yetu.

Tunamuomba Allaah Amponye binti huyu, Amtulize bibi yake, Amrehemu mtoto aliyetangulia, na Awape tawfiki madaktari wetu.

Na Allaah Anajua zaidi.